Testi za nafasi ya diski: leo zinapita, kesho zinafeli, shida iko wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Tuko vijana wachache hapa Dodoma Makulu, tunatengeneza mfumo wa kupokea picha za mashamba ya zabibu. Maafisa ugani wanapiga picha huko Hombolo na Mpunguzi wanatuma kwenye seva yetu. Programu tumeiandika kwa Python, na kabla ya kupokea picha inaangalia kwanza kama diski ina nafasi, ikikuta iko chini ya gigabaiti 2 inakataa. Testi yetu inapima nafasi, inaandika faili la megabaiti 10, inapima tena na kudai nafasi imepungua megabaiti 10, alafu inafuta lile faili na kudai nafasi imerudi ilivokuwa. Kwenye laptop yangu inapita karibu mara zote. Kwenye seva ya testi inafeli hovyo, asubuhi watu wakiwa wengi ofisini ndo inafeli zaidi, usiku inapita. Mwenzetu anayetumia Mac kwake ile sehemu ya kufuta inafeli mara nyingi sana. Tumeshaongeza tofauti tunayoivumilia kutoka megabaiti 1 mpaka 50 na bado, sasa bosi anasema tuiweke ijirudie mara 3 ikifeli. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Si sawa. Msiweke ya kurudia mara 3, na hiyo 50 nayo itoeni. Naomba unisome mpaka mwisho maana ndani ya swali lako kuna shida kadhaa zimejifunga pamoja, ukitatua moja tu ukafurahi, zilizobaki zitakurudia wiki ijayo.

Tuanze na hiyo megabaiti 50, inaniuma kuliko vyote. Faili lenu ni la megabaiti 10, mnavumilia tofauti ya 50. Maana yake hata lile faili lisipoandikwa kabisa testi inapita. Hata mtu akiharibu fanksheni yenu ya kupima ikawa inarudisha namba ile ile siku zote, testi inapita. Usiniamini mimi, fanya leo hii, nenda kwenye fanksheni futa kila kitu uandike irudishe namba moja tu yoyote, endesha testi uone. Kwahiyo mlichonacho sasa ni testi ambayo ikipita haijathibitisha kitu, na ikifeli pia haijagundua kosa lolote kwenye programu, imegundua tu kwamba kuna mtu mwingine ofisini naye anatumia diski. Ukiongeza kurudia mara 3 juu yake unapunguza kelele tu, ujinga wa testi uko palepale. Na kuna ubaya mwingine unaokuja polepole, watu wakizoea kuona testi nyekundu wakabonyeza rudia bila kusoma, siku kosa la kweli likija nalo watabonyeza rudia.

Sasa kwa nini inayumba. Nafasi iliyobaki kwenye diski si mali ya programu yako, ni ya mashine nzima. Chukulia nyumba ya kupanga pale Nkuhungu, wapangaji sita tenki la maji moja. Wewe unachungulia kina, unachota ndoo moja, unachungulia tena na kudai kina kimeshuka ndoo moja kamili. Usiku wenzako wamelala jibu linatoka zuri kabisa, asubuhi watu wanaoga na kufua utapata maajabu, na kama bomba limefunguliwa muda huohuo kina kinaweza hata kupanda wakati wewe umechota. Hapo huwezi kusema ndoo yako ndo mbovu.

Kwenye seva yenu wapangaji ni nani? Bila shaka testi mnaziendesha ndani ya makontena ya Docker (vyumba vya kuendeshea programu kila moja kivyake), wengi tunafanya hivo. Vijana wengi wanadhani kontena lina diski yake. Halina. Ukiingia ndani ya kontena ukapiga df (amri ya kuonyesha nafasi ya diski), namba unazoziona kwenye / ni za diski ya mashine iliyobeba hayo makontena, ile yenye /var/lib/docker. Mwenzako asubuhi akituma kazi yake, seva inavuta imeji mpya (kifurushi cha kutengenezea kontena) ya mamia ya megabaiti, inafungua maktaba za Python, inaandika logi, inafuta makontena ya jana, na yote hayo yanaonekana kwenye namba zako katikati ya vipimo vyako viwili. Ndo maana hata 50 haikutosha, na hata 500 isingetosha. Dalili yako ya asubuhi na usiku inalisema hili waziwazi, kwahiyo kwenu hii ndo sababu kubwa kuliko zote.

Ila usiishie hapo. Kuna swali dogo ambalo nina wasiwasi hamjajiuliza: mnapima diski ipi na mnaandika kwenye ipi? Testi nyingi nilizowahi kuziona zinapima nafasi ya / alafu zinaandika faili la majaribio kwenye /tmp. Kwenye mashine nyingine hivo ni vitu viwili tofauti kabisa. Fedora kwa mfano /tmp yake ni tmpfs, yaani inakaa kwenye memori, na Debian kuanzia toleo la 13 nayo imeenda huko. Hapo ukiandika megabaiti 10 kwenye /tmp ile / haishuki hata baiti moja kwa sababu ya faili lako, kinachoshuka ni kingine. Piga findmnt -T ukifuatisha na folda, itakwambia folda hiyo iko kwenye faili sistimu (utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski) gani. Ndani ya Python linganisha st_dev unayoipata kwa os.stat ya folda mbili, zikitofautiana ujue unapima tenki la jirani.

Alafu kuna suala la muda. Sisi tukisema tumeandika faili, faili sistimu yenyewe ina mambo yake. Data inakaa kwanza kwenye memori, bloku (vipande vya diski) zinapangwa baadaye kidogo, na kila aina ina tabia yake ya lini inakubali kuhesabu. Btrfs, mojawapo ya faili sistimu za Linux, inafanya kazi kwa mafungu, kawaida fungu moja linafungwa kila sekunde 30, kwahiyo ukifuta faili na kupima papo hapo usishangae nafasi haijarudi. XFS ukiwa unaongeza data mwishoni mwa faili inajichukulia nafasi ya ziada mbele ikitegemea utaendelea kuandika, kwahiyo faili la megabaiti 10 kwa muda fulani linaweza kushika zaidi ya 10. Ukiita os.fsync kwenye faili, au os.sync kwa mashine nzima, kabla ya kupima, unasaidia upande wa kuandika, lakini usiichukulie kama dawa ya kila kitu. Na tafadhali msiweke sleep ya sekunde 5 mkidhani mmetatua, hapo mmeongeza tu muda ambao majirani wanaendelea kuchota.

Kuhusu kufuta kuna jambo linalowapiga hata wakongwe. Faili lililofutwa wakati bado limefunguliwa na programu yoyote halirudishi nafasi mpaka lifungwe. Jina linapotea, bloku zinabaki zimeshikwa. Kwenye Python ya kawaida faili ambalo hakuna anayelishika hufungwa lenyewe haraka, ndo maana watu hawaoni shida, ila testi ikitupa hitilafu katikati, ile taarifa ya hitilafu inaendelea kushikilia vitu vyote vilivokuwa ndani ya fanksheni, faili likiwemo. Tumieni with kila mahali. Na mkihisi kuna faili limeshikwa, lsof +L1 inaorodhesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yamefunguliwa. Amri hii itakufaa hata siku diski ya seva imejaa na du (amri ya kujumlisha ukubwa wa mafaili) inasema haijajaa.

Huyo mwenzenu wa Mac hana kosa, na laptop yake si mbovu. APFS, faili sistimu ya Mac, inaweka voliumu kadhaa ndani ya kontena moja (hili ni la Apple, halihusiani na Docker) na zote zinagawana nafasi moja iliyobaki, kwahiyo hata voliumu nyingine ikiandika, namba yake inatikisika. Kubwa zaidi ni snapshoti, yaani picha ya hali ya diski ilivokuwa wakati fulani. Time Machine, programu ya Mac ya kuhifadhi nakala, inaweka snapshoti za ndani ya diski yenyewe, na faili lililokuwepo wakati snapshoti inapigwa ukilifuta bloku zake zinabaki kwa ajili ya hiyo snapshoti. Faili lenu la testi linaishi muda mfupi kwahiyo mara nyingi halinaswi, lakini mfumo wenyewe nao unaongeza na kusafisha snapshoti kwa ratiba yake bila kumuuliza mtu. Kudai namba irudi sawasawa kwenye mashine ya hivo ni kudai kitu ambacho hakuna aliyekuahidi.

Na hilo faili la megabaiti 10 mnalijaza nini? Kama mnaandika sifuri tupu, au mnaruka mpaka baiti ya mwisho na kuandika moja tu, basi kuna mashine ambazo halitachukua nafasi yoyote ya maana. Faili lililorefushwa kwa truncate linaonyesha ukubwa mzuri kwenye ls lakini ndani ni tundu, du itakwambia ukweli. ZFS au Btrfs iliyowashwa ukandamizaji ikipewa sifuri inazikandamiza karibu zote. Andikeni data ya nasibu kutoka os.urandom, ndo itakayoshika nafasi kweli.

Haya, hesabu. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hapa ndo makosa ya kweli ya programu yanapojificha, sio kwenye hiyo megabaiti 10. Kerneli (kiini cha mfumo wa mashine) ukiiuliza kwa statvfs inakupa namba mbili za nafasi, f_bfree na f_bavail. Ya kwanza ni bloku zote zilizo wazi, ya pili ni zile ambazo mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuzitumia. Kwenye ext4, faili sistimu ya kawaida ya Linux, mkfs (amri ya kuitengeneza) inatenga asilimia 5 kwa ajili ya root, yaani msimamizi wa mashine, usipomwambia vingine. Kwenye diski ya gigabaiti 500 hiyo ni gigabaiti 25 ambazo programu yako ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida haitaziona kamwe. Fikiria mtu ametumia f_bfree: msimu wa mavuno umefika, picha zinamiminika kutoka Hombolo, programu inasema kuna gigabaiti 20 karibu wote, na kila anayeandika anarudishwa diski imejaa. Testi yenu ya megabaiti 10 isingelikamata kosa hili hata ikiendeshwa kwenye seva tulivu kuliko zote duniani, maana namba zote mbili zinashuka pamoja.

Nyie mnatumia shutil.disk_usage nadhani, na iko sawa, free yake inatokana na f_bavail na used yake inatokana na f_bfree. Ila hapo kuna mtego mwingine: total si lazima iwe sawa na used kujumlisha free. Nimeona watu wanaandika testi inayodai hivo vitatu vilingane, inapita kwenye tmpfs inafeli kwenye ext4, wanasema testi kigeugeu. Sio kigeugeu hiyo, ni dai lisilo la kweli. Na usidai kwamba pengo ni asilimia 5 kamili, kwa sababu ext4 inaweka pia akiba yake ya ndani, asilimia 2 au bloku 4096, ile iliyo ndogo ndo inatumika, nayo inatolewa kwenye f_bavail. Dai tu kwamba inayopatikana haizidi iliyo wazi.

Zidisha bloku kwa f_frsize, usizidishe kwa f_bsize. Kwenye ext4 ya kawaida zinalingana kwahiyo kosa halionekani, siku mkihamia kwenye faili sistimu ambayo hazilingani ndo mnaanza kuona namba za kuchekesha. Na amueni gigabaiti 2 zenu ni zipi, 2,000,000,000 au 2,147,483,648, tofauti ni karibu megabaiti 147, si ndogo. df -h inahesabu kwa 1024, df -H kwa 1000, na zote zinazungusha namba kwenda juu, kwahiyo kama kuna testi inasoma maandishi ya df na kuyalinganisha na hesabu zenu, ifuteni, au itumie df -B1 angalau.

Sasa tunarekebishaje. Wazo ninalolitegemea ni moja tu: testi ama imiliki diski yake yenyewe peke yake, ama isiiulize diski kabisa. Katikati hapo ndo kwenye mateso yenu yote.

Sehemu kubwa ya mnachotaka kukithibitisha haihitaji diski. Uamuzi wa kukubali au kukataa picha ni hesabu ya kutoa na kulinganisha, basi. Itoeni fanksheni ya kupima iwe kitu kinachopokelewa kutoka nje:

def kuna_nafasi(folda, ukubwa, akiba, pima=shutil.disk_usage):
    return pima(folda).free - ukubwa >= akiba

Kwenye testi unampa pima feki anayerudisha namba unazotaka wewe. Hapo unaweza kujaribu vitu ambavyo kwenye diski ya kweli usingeviweza kirahisi: nafasi inatosha kamili bila baiti kuzidi, imepungua baiti 1, imebaki 0, diski ya terabaiti 20, picha ya ukubwa wa 0. Zote zinaisha kwa sehemu ndogo ya sekunde na zitatoa jibu lile lile asubuhi, usiku, kwenye Mac, popote. Mi ningeandika kama kumi hivi na ningekuwa nimeshalinda sehemu kubwa ya mfumo. Usisahau folda isiyokuwepo, disk_usage inatupa FileNotFoundError, na kama mnafungua folda mpya kwa kila shamba hilo litawakuta siku ya kwanza ya mkulima mpya.

Baada ya hapo inabaki kuthibitisha kwamba fanksheni yenu kweli inaripoti kile kerneli inachosema. Hapa hamhitaji kuandika faili lolote. Pima kwa statvfs, ita fanksheni yenu, pima tena kwa statvfs. Kama kipimo cha kwanza na cha tatu vinalingana maana yake diski ilitulia kwa huo muda mfupi, kwahiyo cha katikati lazima kilingane navyo baiti kwa baiti, bila kuvumilia chochote. Kama havilingani jirani amechota, tupa vyote, anza upya:

for _ in range(50):
    kabla = os.statvfs(folda)
    jibu = nafasi_iliyobaki(folda)
    baada = os.statvfs(folda)
    if kabla.f_bavail == baada.f_bavail:
        assert jibu == kabla.f_bavail * kabla.f_frsize
        break
else:
    pytest.fail("diski haikutulia, hakuna kipimo kilichofaa")

Utasema mbona na hii inarudia na wewe umekataza kurudia. Tofauti ni kubwa, itazame vizuri. Bosi wako anataka mrudie pale jibu lisipowapendeza. Hii inarudia pale mazingira ya kipimo yalipoharibika, na inaamua hivo bila kuangalia kabisa jibu la fanksheni lilikuwa nini. Fanksheni ikiwa na kosa, diski ikitulia mara moja tu imekamatwa, haina pa kutokea. Vile vipimo vitatu vinachukua muda mfupi mno, kwahiyo hata seva ikiwa na shughuli nyingi utapata mwanya mapema. Na ujumbe wa mwisho uwe tofauti na wa assert, ili anayesoma asubuhi ajue moja kwa moja kama programu ndo mbovu au diski haikutulia. Hii iendesheni kwenye folda iliyo juu ya ext4 yenye ile akiba ya root, maana kwenye tmpfs f_bfree na f_bavail zinalingana na mtu akikosea kuchagua hutajua.

Kama bado mnataka ile ya kuandika faili na kuona nafasi inashuka, na mi naona ina faida yake moja ndogo, basi ipeni diski yake. Kwenye Docker ni jambo la neno moja, kontena unaliwasha na --tmpfs /majaribio:size=16m na hapo ndani kuna faili sistimu ya megabaiti 16 ambayo hakuna mtu mwingine anaiandikia. Bloku zake kwenye mashine za kawaida ni za baiti 4096, kwahiyo zipo bloku 4096 jumla, ukiandika megabaiti 4 za data zinapungua 1024, ukifuta na faili limefungwa zinarudi hapohapo. Hapa ndo dai lenu la mwanzo linakuwa halali, tena bila uvumilivu wowote. Nje ya Docker, kwenye Linux unaweza kuingia unshare -rm ukaimaunti (ukaiunganisha na folda) mwenyewe bila kuwa root wa kweli, ila Ubuntu za karibuni, 24.04 kwa mfano, zimelibana hilo kwahiyo usishangae ikikataa. Mkiendesha testi sambamba, kila moja ipewe folda yake ya aina hiyo, la sivyo zinageuka kuwa majirani zenyewe kwa zenyewe na mmerudi kulekule.

Kuna watakaokwambia tumia ext4 ndani ya faili, yaani truncate -s 64M, mkfs.ext4, alafu maunti kwa loop. Inafaa pale mnapotaka kuiona akiba ya root kwa macho. Mkifanya hivo tajeni wenyewe -b 4096 na -m 5, msiache mkfs iamue, kwa sababu kwenye diski ndogo inaweza kuchagua bloku ya 1024 na hesabu zenu zikabadilika. Na msidai jumla iwe megabaiti 64, ext4 inatoa kwanza sehemu inayotumia yenyewe kabla ya kukutajia jumla. Inahitaji ruhusa ya kumaunti pia, kwahiyo kwa ofisi ndogo kama yenu mi ningeishia kwenye tmpfs.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza na ndo lenye uzito kuliko yote uliyouliza. Hata testi zikikaa vizuri, kuangalia nafasi kabla ya kuandika hakukupi ahadi yoyote. Kati ya sekunde uliyoangalia na sekunde unayoandika, picha nyingine ishirini zinaweza kuwa zimeingia, kila moja iliangalia ikaambiwa nafasi ipo. Kwahiyo programu lazima ijue cha kufanya kerneli ikirudisha ENOSPC, yaani hitilafu ya diski imejaa, kwenye Linux ni namba 28, ifute kipande cha picha kilichobaki na imrudishie afisa ugani jibu linaloeleweka ili simu yake isiifute picha. Mtu ameenda mpaka shambani juani na hilo zabibu litakuwa limeshavunwa, picha hiyo haipigwi tena. Testi ya hili ndo hasa ningependa muwe nayo: ndani ya ile tmpfs ya megabaiti 16, mkiwa mmeweka pima feki anayesema nafasi ipo ili ukaguzi wa mwanzo usiikatae, tumeni picha ya megabaiti 20, hakikisheni inakataliwa kistaarabu, hakuna kipande kilichobaki kwenye folda, na picha ndogo inayofuata inapokelewa. Kwa jaribio la haraka Linux ina /dev/full, chochote unachoandika humo kinarudi diski imejaa. Angalizo, Python inaweka data kwenye bafa (memori ya muda) kwanza, kwahiyo hitilafu inaweza kutokea kwenye flush au close na sio kwenye write. Kama mmezungushia try kwenye write peke yake, imewapita.

Na mkiwa na diski ya pili ya kuhifadhia picha, programu ikiwaka iangalie kama kweli imemauntiwa, os.path.ismount inatosha. Ikiwa haijamauntiwa ile folda bado ipo, kipimo kinatoka vizuri tu, ila ni cha diski ya mfumo, na mtaijaza hiyo.

Mkimaliza kurekebisha msisubiri asubuhi ya Jumatatu ifike ndo mjue. Tengenezeni kelele wenyewe. Fungua dirisha lingine, weka kitanzi cha dd kinachoandika megabaiti 20 kutoka /dev/urandom na kufuta bila kupumzika, kwenye diski ileile inayobeba Docker, alafu endesha testi mara 200 mfululizo. Ile ya zamani, mkiirudisha kwenye uvumilivu wa megabaiti 1, itaanguka ndani ya mara chache za mwanzo, na hiyo ni muhimu uione ikianguka, maana ndo uthibitisho kwamba mmeelewa sababu na sio kubahatisha. Mpya isianguke hata moja. Alafu geuza upande wa pili, haribu fanksheni makusudi, weka f_bfree badala ya f_bavail, badilisha >= iwe >, ondoa ile sehemu ya kufuta kipande, moja moja, na kila ukiharibu angalau testi moja ianguke. Ikipita yote baada ya kuharibu, hiyo sehemu haina ulinzi bado.

Bosi wako mwonyeshe hivo vitu viwili, testi inayopita kwenye kelele na inayoanguka ukiharibu programu, nadhani hoja ya kurudia mara 3 ataiacha mwenyewe. Na unitumie majibu ya findmnt -T kwa folda mnayopima na folda mnayoandikia, ndani ya kontena na nje yake, yote manne. Nina wasiwasi kwenye laptop yako mnapima diski moja na kuandika kwenye nyingine, na kama ni hivo basi hata kule kupita kwake kulikuwa hakuna maana.